Risha ya Kaloli

Juzi nilikuwa nababua kuku kwenye sigiri, nikimgeuza juu ya makaa ili vinyoya vidogo vilivyosalia viungue. Harufu ilipopanda nikaacha kumgeuza. Nilibaki nimemshika tu hewani, mpaka binti yangu akaniuliza kama nimeungua. Sikuwa nimeungua. Nilikuwa nimemwona baba yangu, ambaye tulimzika zamani, amechuchumaa nyuma ya nyumba yetu ya Old Kampala, kofia kaisukuma utosini, anapitisha unyoya mrefu wa ndege juu ya moto na kuutoa, anaupitisha na kuutoa. Na alikuwa akifanya hivyo kwa ajili ya muziki. Aliyemjua baba atashangaa kama ninavyoshangaa mimi hadi leo.

Baba alikuwa maalim. Chuo chake cha Kurani kilikuwa ukumbi wa mbele wa nyumba yetu, na watoto wa mtaa walikuja baada ya sala ya alasiri wakiwa na mbao zao, wakakaa mkekani na kusoma kwa sauti mpaka kuta zikawa kama zinasoma nao. Kalamu zao za matete alizikata yeye mwenyewe kwa kisu kidogo ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Ala za muziki hakuzipenda. Hakuwa mkali, wala sikumbuki akimgombeza mtu kwa sababu hiyo. Nyimbo zilipoanza redioni aliinuka akaizima taratibu, kama mtu anavyofunga dirisha mvua ikianza kuingia.

Ng'ambo ya ua, katika chumba ambacho zamani kilikuwa ghala la Wahindi, walipanga Baba Naliaka na mkewe. Walikuwa Wakristo kutoka upande wa Bungoma, Kenya. Mume alifanya kazi Kikuubo, kwenye duka la jumla la sabuni na chumvi. Binti yao wa pekee, Naliaka, nilimjua kwa jina tu. Vita vya msituni vilipopamba moto walimpeleka kwa nyanya yake huko kwao. Vita vikaisha, naye akabaki huko huko. Sisi na wao tuliunganishwa na Kiswahili. Barabarani mama alikuwa akishusha sauti alipokisema, kwa kuwa majirani wengi walikuwa wamekizoea kutoka kwa watu wenye bunduki, na walipokisikia walikumbuka vizuizi vya barabarani. Ndani ya ua wetu hakuna aliyeshusha sauti. Mama na Mama Naliaka walipokuwa wakipepeta mchele pamoja, walizungumza mpaka mchele ukasahaulika.

Baba Naliaka alikuwa na mandolini. Ilining'inia ukutani juu ya kitanda chao, tumbo la mviringo kama kibuyu kilichopasuliwa, nyuzi nane zilizolala mbili mbili. Kabla ya vita, mama aliniambia, alikuwa akiipiga kanisani, na kwenye harusi za Wakenya wenzake watu waliacha sahani wakaja kusimama karibu. Mimi sikuwahi kumsikia. Wakati wa vita, kwenye kizuizi kimoja, askari alimwamuru aweke mkono wa kulia juu ya boneti ya lori, akaupiga kwa kitako cha bunduki. Kwa nini, sikuelezwa, na nadhani hata yeye hakuelezwa. Mifupa iliunga yenyewe, vibaya. Gumba na kidole cha shahada vilibaki vimenyooka kila kimoja upande wake, kama watu wawili waliogombana.

"Kwa nini haipigi ile mandolini?" nilimuuliza mama.

"Mkono wake umekufa, mwanangu. Usimuulize."

Nilikuwa na umri wa kuanza shule, na kifo nilikijua. Kwetu mtu akifa asubuhi, kabla ya jua kuzama amekwisha kuzikwa. Basi niliuona mkono ule kwa jicho jingine kabisa. Jioni za baridi alikaa mlangoni kwake akaulaza pajani na kuufunika kitambaa cheupe, nami nikaona kuwa ni sanda. Nilishangaa mbona haunuki. Nilishangaa zaidi mbona hawauziki, hadi siku nilipomsikia mama akisema kwamba Wakenya hawapendi kuzika ugenini, maiti wao huwasafirisha hadi kwao hata kama ni mbali namna gani. Hapo nikaelewa. Walikuwa wakingojea safari. Tangu siku hiyo kila nilipopita mbele ya mkono ule niliinamisha kichwa kidogo, kama tulivyofundishwa jeneza linapopita.

Mwaka huo huo Mama Naliaka alianza kuishiwa na pumzi. Kwanza alishindwa kupanda kilima akitoka sokoni, halafu akashindwa kuvuka ua. Miguu ilimvimba. Walimpeleka hospitali, na waliporudi nilimsikia Baba Naliaka akimwambia mama yangu kwa sauti ya chini, "Daktari amesema moyo wake umekuwa mkubwa."

Mama akaweka mkono kifuani. Mimi nilifurahi. Nilikwisha kusikia watu wakisifiwa hivyo: fulani ana moyo mkubwa, mgeni haondoki kwake na njaa. Nilidhani wamekwenda kwa daktari akampima, akagundua jambo ambalo sote tulilijua tayari, maana Mama Naliaka hakuwahi kula kitu bila kunimegea. Kwa hiyo kwa miezi mingi niliuhurumia mkono na kuufurahia moyo. Sasa, nikiwa mtu mzima, nafikiri hakuna mtoto aliyewahi kukosea kwa ukamilifu zaidi kuliko mimi.

Alasiri moja nilikaa kizingitini kwao. Mama Naliaka alikuwa kitandani ameegemea mito, kwa sababu akilala chali alikabwa na pumzi. Mumewe alikuwa akimmenyea chungwa kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukilikandamiza chungwa lisikimbie. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba Naliaka, mkono mtauzika lini?"

Kisu kikasimama. Alinitazama, akautazama mkono, na nikaona anatafuta jibu kweli kweli, kama vile ameulizwa na mtu mzima. Ndipo Mama Naliaka akaziba mdomo kwa upindo wa leso, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakimtikisika, hadi kisauti chembamba kikamponyoka. Alicheka mpaka tukaogopa, mpaka mumewe akamwinua mgongo na kumpepea. Pumzi zilipomrudia alisema, "Baba Naliaka, hata mtoto amechoka kungoja. Ama tuuzike, ama uuamshe. Nishushie ile mandolini."

"Sitaweza."

"Sijakuuliza kama utaweza. Nataka kuusikia ule wimbo ulionitolea nao nyumbani kwetu. Mara moja tu."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Mkono wa kushoto, unaokanyaga nyuzi shingoni, ulikuwa mzima na haukusahau kitu. Shida ilikuwa kile kipande kidogo cha kugongea nyuzi. Alikuwa nacho kimoja cha plastiki, chembamba, cha pembe tatu, alichokihifadhi kwenye kopo la mafuta ya nywele miaka yote ya vita. Kukishika kunahitaji gumba na kidole cha shahada vibane. Alikishika, akagonga, kikaruka na kutumbukia ndani ya tumbo la mandolini. Tuliigeuza na kuitikisa mpaka kikatoka. Akakishika tena, kikatumbukia tena. Mara ya tatu Mama Naliaka alifumba macho ili asimwone usoni.

Akajaribu kukifunga kidoleni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Damu ikazuiwa, kidole kikawa cheusi. Akakata kipande kikubwa kutoka kwenye jerikeni la njano, akidhani ukubwa utasaidia. Hicho kilikaa, lakini kilikuwa laini, kikawa kinapapasa nyuzi badala ya kuzigonga. Sauti ilikuwa ya kuku anayeparura bati. "Hapana," alisema Mama Naliaka. "Huo si wimbo wangu."

Jumamosi moja Baba Naliaka alinichukua tukashuka Katwe kwa mtu aliyechonga vitana na vifungo vya pembe. Mchongaji aliuangalia mkono, akachagua pembe nene, akaisugua mpaka ikang'aa kama peremende.

"Hii pembe iko nguvu sana, ssebo," alisema, ndiyo kusema bwana kwa Kiganda. "Wewe nakufa, yeye nabaki."

Ilikuwa na nguvu kweli. Baba Naliaka aliibana kati ya kidole cha kati na cha pete, akagonga mara moja, na uzi wa juu ukakatika ukamchanja shavu. Siku hizo nyuzi za mandolini hazikupatikana Kampala kwa namna yoyote. Ilibidi achomoe uzi mmoja kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli na kuufunga badala yake. Akaitundika mandolini ukutani. Siku kadhaa zilipita, hakuigusa, na mkewe hakumwomba. Ndani ya chumba kile kukawa na adabu nyingi mno kati yao. Walijibizana kama wageni.

Mama yangu ndiye aliyeuvunja ukimya ule. Alikuwa amempelekea mgonjwa uji, akasimama akimtazama Baba Naliaka akibeba ndoo ya maji. Aliibeba kwa mkono ule ule uliokufa. Vidole vitatu vya mwisho vilikuwa vimefumbata mshikio.

"Hebu weka ndoo, Baba Naliaka," alisema. "Fumbata kidole changu."

Akafumbata.

"Kaza."

Akakaza, mama akakunja uso kwa maumivu, halafu akatabasamu. Alisema mjomba wake alikuwa mpiga udi, hapa hapa Kampala, kwenye harusi za Waswahili kabla mimi sijazaliwa. Mjomba hakupigia kipande kidogo cha kubana kwa ncha za vidole. Alipigia risha, na risha yenyewe ilikuwa unyoya hasa, mti wake mrefu kama kalamu. Aliulaza kiganjani, mkia ukashikwa na vidole vya mwisho, ncha ikatokeza mbele, na kazi yote ikafanywa na kifundo cha mkono. "Gumba lilikuwa linaegemea tu," mama alisema. "Halikuwa na kazi kubwa."

Unyoya wa kuku ni mwembamba, wa bata unapinda. Kesho yake alasiri mama alinituma chini ya miti iliyokuwa karibu na jalala, njia ya kuelekea Kisenyi, mahali walipolala kaloli. Wageni wa Kampala huwashangaa ndege wale, wakubwa kama watoto wa shule, vichwa vyenye upara, wamesimama juu ya takataka kama wazee waliovaa makoti. Nilirudi na unyoya wa bawa, mweusi wenye kijivu, mti wake mnene karibu kama kidole changu. Mama aliuweka nje juu ya jiwe la kufulia, akamwita baba.

"Nini hicho?" baba aliuliza.

"Unyoya, Baba Swaleh." Swaleh ni kaka yangu mkubwa.

"Naona ni unyoya. Ni wa kaloli, na kaloli anakula mizoga. Ndio unaoniletea kwenye nyumba inayosomewa Kurani?"

"Ndiyo maana nimeuweka nje. Nataka unikatie. Kama kalamu, lakini ncha isichongoke, iwe bapa na ya mviringo kama ukucha."

Baba alielewa. Aligeuka akatazama chumba cha ng'ambo. "Ni wa mandolini ile."

"Ni wa Mama Naliaka," alisema mama.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na mgonjwa alisikika akitafuta pumzi, ile sauti ya mtu anayepanda ngazi ilhali amelala. Baba alikunja mikono ya kanzu. Kisha aliniambia nilete birika na sabuni. Aliuosha unyoya ule, akausuuza, akauosha tena, akausugua kwa mchanga, akausuuza. Akaniambia niwashe sigiri. Akaupitisha juu ya moto ili ukakamae, nayo harufu ikajaa ua mzima, kisha akatoa kile kisu chake, akaukwangua manyoya ya pembeni pande zote mbili na kuukata kwa mikato mitatu au minne, akiupima jichoni kila baada ya mkato. Alipomaliza aliuvuka ua mwenyewe. Hakumtuma mtu.

"Mimi ninakata kalamu," alimwambia Baba Naliaka. "Atakachokiandika mtu ni chake."

Baba Naliaka aliupokea, lakini alipoutambua mikono ilishuka. "Maalim, ndege hawa... Miaka ile ya vita, kule bondeni. Niliona walichokuwa wakila."

"Na mimi niliona," baba alisema. Nyuso zao zote mbili zilitazama chini. "Nimeuosha. Kilichobaki hakioshwi na maji, na sijui kinaoshwa na nini."

Sikuelewa wanasema nini. Nilidhani wanazungumzia takataka. Kutoka kitandani Mama Naliaka alisema, "Ulete." Hapo ndipo mumewe akainua mkono kuishusha mandolini.

Baba hakungoja. Alirudi ukumbini kwa watoto wake. Mama aliinama, akaulaza unyoya kwenye kiganja cha Baba Naliaka, akavikunja vile vidole vitatu juu ya mkia, akalisogeza gumba mahali pa kuegemea. Pigo la kwanza liligusa uzi mmoja badala ya jozi. La pili liligusa jozi. Sauti yake haikuwa kali kama ile ya plastiki, wala ya kupapasa kama ile ya jerikeni. Ilikuwa na unyevu ndani yake, kama neno linalosemwa na mtu aliyetoka kunywa maji. Akaanza wimbo polepole, akakosea, akarudi, akakosea mahali pengine, akaendelea. Mama Naliaka alikuwa ametazama dari. Wimbo ulipokwisha alimgeukia mumewe.

"Siku ile uliukimbiza," alisema. "Nilidhani unaogopa baba yangu atabadili nia. Leo ndiyo nimeusikia."

Mara moja ikawa kila siku. Alipiga baada ya kutoka Kikuubo, wakati watoto wa chuo wamekwisha kwenda zao. Unyoya si pembe, nyuzi ziliula. Ncha ilipolegea na kuchanuka, Baba Naliaka alinipa nimpelekee baba, nami nilivuka ua nimeushika kwa mikono miwili. Baba aliukata upya, nami nikaurudisha. Kila mara ulirudi mfupi zaidi. Jioni baba alikuwa akikaa barazani na mbao za wanafunzi akizisugua, na sauti ilipoanza hakuinuka kufunga kitu. Mama alimwona, akaniwekea kidole mdomoni nisiseme.

Miguu ya Mama Naliaka ilivimba hadi magotini, kisha hadi mapajani. Mumewe alitaka kumleta Naliaka. Yeye alikataa. "Akue kwanza kidogo," alisema. "Asinione hivi." Unyoya ulipokuwa mfupi kiasi cha kutoshikika, baba mwenyewe ndiye aliyeniambia niende chini ya miti nikalete mwingine. Nilikuta kadhaa, nikachagua tatu nzuri. Niliporudi, mama alikuwa amesimama katikati ya ua na mikono kichwani.

Jamaa zao walifika na lori kutoka Bungoma, wakiongozwa na kaka wa marehemu. Wanaume walikuwa wanafunga jeneza kwa kamba wakati baba alipotoka nyuma ya nyumba na kitambaa kilichokunjwa. Ndani yake kulikuwa na zile nyoya tatu, zimeoshwa, zimekaushwa motoni, zimekatwa.

"Huko kwenu kaloli wapo?" aliuliza.

"Wapo wachache, Maalim. Mbali na nyumbani."

"Basi chukua hizi. Utazihitaji kesho, mazishini."

Baba Naliaka alizipokea kwa mkono wa kulia, vidole vitatu vikazifumbata. Hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa hivyo. Alisimama mbele ya baba kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusema asante. Hakurudi Kampala. Miaka ikapita, mtu wa Kikuubo akatuletea habari kwamba anapiga kanisani kwao, na kwamba watoto wa kule wanadhani mandolini hushikwa hivyo duniani kote, kwa ngumi iliyofumbwa nusu.

Lakini siku ile mimi nilipewa kazi ya kukaa na Naliaka. Alikuja na lori, sweta la shule mwilini ingawa jua lilikuwa kali, mkubwa kwangu kidogo. Hakulia. Tulikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Wewe ulikuwa unamwona kila siku?"

"Kila siku."

"Mimi namkumbuka mgongo tu. Alikuwa ananibeba." Akavuta nyuzi za sweta. "Alikuwa anacheka vipi?"

Sikujua namna ya kuieleza kwa maneno. Nilichukua upindo wa leso yangu, nikaziba mdomo, nikainamisha kichwa na kuyaacha mabega yatikisike bila sauti, kwanza polepole, kisha kwa haraka, na mwisho kabisa, pale pumzi inapokwisha, nikatoa kile kisauti chembamba cha juu kilichokuwa kikimponyoka.

"Tena," alisema Naliaka.

Nikarudia. Akauchukua upindo mkononi mwangu, akaziba mdomo.

"Hivi?"

"Mabega zaidi."

Akayatikisa. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, uso mkavu kama wa mwanafunzi anayesoma ubao. Halafu kicheko kikamtoka, chote, pamoja na ile sauti ya mwisho. Mama yangu alikuwa akivuka ua na sinia la vikombe vya chai ya wasafiri. Alisimama ghafla, akageukia mlango wa chumba cha ng'ambo, uliokuwa wazi na chumba kitupu. Kisha akatuona sisi wawili kwenye ngazi, na mtoto yule mgeni na leso yangu mdomoni. Akaketi chini pale pale uani, sinia mapajani, akamwambia Naliaka, "Njoo, mwanangu. Njoo ucheke hapa karibu."